Hojaji 212, alfa 0.58 na p ya 0.07: tasnifu yangu imekufa?

*"Shikamoo Daktari. Nasoma shahada ya uzamili ya usimamizi wa biashara, mkondo wa masoko, Dar es Salaam. Tasnifu yangu inahusu namna matangazo ya Instagram yanavyochochea nia ya kununua nguo kwa wanawake wa Kinondoni. Vigeu huru ni vinne: ubora wa picha, imani kwa muuzaji, washawishi wa mtandaoni na maoni ya wateja waliotangulia. Kwenye pendekezo niliandika hojaji 384. Nilisambaza kiungo kwenye magrupu ya WhatsApp, nyingine nikazigawa mkononi madukani, mwisho nimepata 212. Alfa ya kipimo cha imani ni 0.58, vingine vyote viko juu ya 0.75. Kwenye rigresheni, hiyo imani niliyoitegemea kuliko vyote imetoka beta 0.12, p 0.07. Msimamizi aliniambia 'rudi kwenye data' na tangu hapo yuko kimya. Kijana mmoja wa steshenari anasema atanijazia hizo 172 zilizobaki na 'mambo yatakaa sawa'. Nimebakiwa na wiki sita. Nifanyeje?"*

Marahaba dada. Hofu yako naisoma hivi: sampuli haikutimia, kipimo kimeyumba (ndiyo hiyo alfa, alama ya mshikamano wa kauli za kipimo), nadharia tete, yaani dai ulilotaka kulipima, imeanguka (ndiyo hiyo p, uwezekano wa kupata matokeo kama haya au makubwa zaidi kama kweli hakuna uhusiano; desturi inataka iwe chini ya 0.05), kwa hiyo kazi nzima imeharibika. Umeyahesabu kama maafa matatu. La kwanza si kubwa kama unavyodhani, na hayo mawili yaliyobaki huenda ni tatizo moja lililojitokeza mara mbili. Msimamizi wako amekuambia neno la kweli, ila amelikata fupi mno. Wiki sita zinatosha ukizitumia kwenye mambo yanayobadilisha kitu.

Tuanze na hiyo 384, maana imewatesa wengi. Namba hiyo inatoka kwenye kanuni ya kukadiria asilimia katika watu wengi mno: 1.96 kwa kipeo cha pili, mara 0.5, mara 0.5, gawanya kwa 0.05 kwa kipeo cha pili. Inakuja 384.16. Jedwali la ukubwa wa sampuli la Krejcie na Morgan la mwaka 1970 nalo linaishia hapo hapo kwa watu milioni moja. Kanuni hiyo inajibu swali la aina hii: "ni asilimia ngapi ya wanawake wa Kinondoni wananunua nguo Instagram, kwa kukosea kusikozidi asilimia 5?" Tena inadai kila mwanamke awe na nafasi inayojulikana ya kuchaguliwa. Wewe hukuuliza asilimia, umeuliza kama kigeu kimoja kinakwenda pamoja na kingine. Na waliokujibu ni waliokuwa kwenye magrupu na waliokutwa madukani, yaani waliopatikana kirahisi. Hata ungefikisha 384 kamili, dai la "kukosea asilimia 5" lisingesimama.

Kwa rigresheni, yaani hesabu inayopima kila kigeu huru kinavyohusiana na matokeo huku vingine vikizingatiwa, kuna kanuni nyingine ya kukadiria. Mtafiti Green, mwaka 1991, alipendekeza angalau watu 50 jumlisha 8 kwa kila kigeu huru ili kupima modeli nzima, na 104 jumlisha idadi ya vigeu ili kupima kigeu kimoja kimoja. Kwa vigeu vinne hiyo ni 82 na 108. Una 212. Kwenye sura ya tatu eleza wazi kwamba lengo lilikuwa 384, zimepatikana 212, na kwa nini zinatosha kwa uchambuzi uliofanya. Usiandike tu kwamba asilimia 55 wamejibu. Kiungo kikishaingia kwenye grupu la watu 250 hujui wangapi wamekiona, kwa hiyo kiwango cha waliojibu kinahesabika kwa zile za karatasi peke yake. Mtahini makini ataliona hilo mapema sana.

Sasa kijana wa steshenari. La maadili unalijua: kanuni za vyuo vingi zinaruhusu shahada kufutwa hata baada ya mahafali. Nikuonyeshe jambo ambalo yeye mwenyewe halijui: hojaji zake zitakuharibia hata hicho kidogo ulichonacho. Mtu anayejaza hojaji 172 kwa usiku mmoja hujaza ovyo. Anaweka 4, 3, 5, 4 bila kukumbuka kwamba aliyemwamini muuzaji kwenye kauli ya 7 angepaswa kuelekea kununua kwenye kauli ya 22. Majibu ya ovyo hayana uhusiano wowote ndani yake, na uhusiano wa sifuri ukichanganywa na wa kweli huushusha. Ukichanganya 212 za kweli na 172 za namna hiyo, uhusiano wako unabaki takriban nusu ya ulivyokuwa. Akiwa mjanja zaidi atanakili safu za waliojibu kweli na kubadilisha namba mbili tatu. Ukipanga data kwa mpangilio wa majibu, mapacha hao wanakaa jirani na kuonekana kwa macho. Dalili nyingine ni alfa ya 0.97 kwenye kila kipimo, wastani wote kati ya 3.9 na 4.1, na karatasi 172 zisizo na hata pengo moja. Mwache aendelee na fotokopi zake.

Sasa alfa, kwa sababu hapa ndipo kazi yako ilipo.

Alfa ya Cronbach inauliza kama kauli zako za imani zinavuta upande mmoja. Inapanda kauli zikiwa nyingi na zikihusiana, inashuka zikipingana au zikizungumzia mambo tofauti. Kwa kuwa vipimo vitatu vingine viko salama, tatizo si wahojiwa kuchoka wala uingizaji wa data kwa jumla. Limejificha kwenye kauli za imani zenyewe, na mshukiwa wa kwanza ni kauli hasi isiyogeuzwa.

Chukua mfano. Kauli nne zinasema muuzaji ni mkweli, anatimiza ahadi, bei yake haibadiliki nikifika, anarudisha pesa mzigo ukiwa mbovu. Ya tano inasema: "Nguo niletewayo mara nyingi haifanani na niliyoiona pichani." Mteja anayemwamini muuzaji ataweka 5, 5, 4, 5, halafu 1. Kwake yeye majibu yote matano yanasema jambo moja. Programu haisomi Kiswahili wala Kiingereza, inaona namba: nne juu, moja chini. Inahitimisha kwamba kauli hizi zinagombana, na alfa inaanguka. Dawa ni kugeuza alama: kwa mizani ya 1 hadi 5, alama mpya ni 6 kutoa alama ya zamani. 1 inakuwa 5, 2 inakuwa 4, 3 inabaki. Fanya hivyo kwenye safu mpya yenye jina lake na usiguse ile ya awali. Ukigeuza juu ya safu ile ile, wiki ijayo hutakumbuka kama umeshageuza, utageuza tena, na utarudi ulikotoka.

Kama hakuna kauli hasi, au umegeuza na alfa haijapanda vya kutosha, soma jedwali la takwimu za kila kauli. Tazama safu mbili: uhusiano wa kauli na jumla ya wenzake, na alfa itakavyokuwa kauli hiyo ikiondolewa. Kauli yenye uhusiano chini ya 0.30 ni ya kuhojiwa. Kabla ya kuiondoa, isome kwa sauti kama mhojiwa aliyesimama dukani na mfuko mkononi. Makosa ya kauli za Kiswahili zilizotoholewa kutoka vipimo vya Kiingereza yanajirudia sana. Kuna kauli iliyobeba mizigo miwili: "Muuzaji ni mwaminifu na huleta mzigo kwa wakati." Aliyemwona ni mwaminifu lakini mchelewaji aweke ngapi? Kuna ukanushi wa ghorofa mbili: "Sina wasiwasi kwamba nguo haitafanana na picha", na jibu ni "sikubali". Hapo hata mwalimu wa lugha atakuna kichwa. Na kuna neno "kuamini" lenyewe. Namwamini muuzaji, au naamini anachosema tangazo? Mtu anaweza kuamini kwamba nguo ipo na bado asimwamini muuzaji kwa pesa ya kutanguliza. Hayo ni mambo mawili, na kipimo kikichanganya mawili alfa inayumba kwa haki kabisa.

Kama hojaji ilikuwa kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, pima alfa ya kila toleo peke yake. Fanya hivyo pia kwa karatasi na kwa mtandao. Ikiwa upande mmoja ni 0.78 na mwingine 0.41, umeshajua kosa liko wapi, na kosa la tafsiri ni jambo la heshima kabisa kuliandika kwenye mapungufu ya utafiti.

Kwa nini nasema alfa na p huenda ni tatizo moja? Kipimo chenye kelele hupunguza uhusiano unaoonekana. Uhusiano unaouona ni ule wa kweli, mara kipeuo cha pili cha zao la uthabiti wa vipimo viwili. Yaani zidisha alfa hizo mbili kisha tafuta mzizi wake wa pili. Tuseme nia ya kununua ina alfa 0.82 na uhusiano wa kweli ni 0.18. Kwa imani ya 0.58, mzizi wa 0.58 mara 0.82 ni 0.69, na uhusiano unaouona ni 0.124. Kwa watu 212 hiyo inatoa p ya 0.07 hivi. Uthabiti ukiwa 0.74, mzizi unakuwa 0.78, uhusiano unaoonekana 0.14, na p inashuka hadi 0.04 hivi. Ni hesabu ya uhusiano wa vigeu viwili tu, rigresheni ya vigeu vinne ina mambo zaidi, lakini njia ni hiyo hiyo.

Hapa lazima nikuzuie mkono kidogo. Usiondoe kauli moja, ukakimbilia p, ukaondoa nyingine, ukakimbilia p tena. Hiyo nayo ni kupika, ila kwa moto mdogo. Funga faili la rigresheni. Amua kila marekebisho ya kipimo kwa sababu za kipimo: ilisahaulika kugeuzwa, ina mizigo miwili, uhusiano uko chini ya 0.30. Andika uamuzi na sababu kwenye daftari lenye tarehe, kisha fungua rigresheni mara moja na ukubali litakalotoka. Kipimo kibaki na angalau kauli tatu.

Kabla ya hayo yote kuna usafi wa data, kazi ya siku mbili au tatu. Weka faili ghafi pembeni, fanyia kazi nakala. Tazama namba ndogo na kubwa ya kila kauli. Ukiona 44 au 55, kidole kilibonyeza mara mbili, rudi kwenye karatasi yenye namba hiyo. (Kama hukuzipa karatasi namba, zipe leo.) Ondoa waliojibu mara mbili kupitia kiungo, waliopiga 4 mwanzo hadi mwisho zikiwemo kauli hasi, na wasio walengwa: mwanaume aliyejibu kwa niaba ya mkewe, mkazi wa Mwanza aliyetumiwa kiungo na shemeji yake. Unaweza kubaki na 195, na 195 safi zinakufaa kuliko 212 zenye takataka. Kama ulikusanya majina au namba za simu kwa ajili ya zawadi ya vocha, zitenge na majibu sasa hivi. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na tasnifu yako haihitaji namba ya mtu.

Baada ya usafi na marekebisho huenda p ikabaki 0.07. Basi ibaki. Maana yake ni kwamba data yako haikutoa ushahidi wa kutosha kuikataa nadharia tete sifuri (dai kwamba imani haina uhusiano na nia ya kununua) kwa kiwango cha 0.05. Haimaanishi imani haina kazi. Ripoti beta 0.12 (ukubwa wa uhusiano kwenye rigresheni) pamoja na masafa yake ya uhakika ya asilimia 95, yaani eneo ambamo athari halisi inakadiriwa kuwemo, ambayo kwa namba zako yanaanzia karibu -0.01 hadi 0.25. Msomaji ataona kwamba athari inaweza kuwa sifuri, na inaweza pia kuwa ya wastani. Usiandike "ilikaribia kuwa na maana ya kitakwimu". Wala usiandike "imani haina athari", kwa sababu masafa hayo hayasemi hivyo.

Kisha jiulize swali la kimasoko, ambalo lina utamu kuliko p. Mnunuzi wa Instagram anajengaje imani kwa mtu asiye na duka analolijua? Kwa kiasi kikubwa anasoma maoni ya waliotangulia. Maoni na imani vinaweza kuwa vimeshikana mkono, na vikiingia pamoja kwenye rigresheni vinagawana kazi moja. Tazama uhusiano kati yao na kipimo cha VIF, kinachoonyesha vigeu huru vinavyoingiliana. VIF ya 5 maana yake asilimia 80 ya kigeu hicho inaelezwa na wenzake. Ikiwa 2 au 3 hakuna dharura, lakini bado una hoja nzuri ya sura ya tano: huenda maoni ya wateja yanafanya kazi kwa kupitia imani. Unaweza kulipima hilo, mradi uliite uchambuzi wa nyongeza uliotokana na data. Usirudi kwenye sura ya pili kulipanda kama nadharia tete uliyokuwa nayo tangu mwanzo.

Sasa njia zilizo mbele yako. Ya kwanza ni kuendelea na ulizonazo, usafishe, urekebishe, uandike. Hiyo ndiyo ninayokushauri. Ya pili ni kuongeza hojaji za kweli. Inawezekana, lakini kuongeza data baada ya kuona p ya 0.07 kunaongeza uwezekano wa kupata "ushindi" wa bahati. Ukilazimika, taja idadi kabla (tuseme 60), tumia hojaji ile ile, simama ukifika, na uripoti matokeo ya awali na ya mwisho. Itakula wiki mbili hadi tatu kati ya sita zako. Ya tatu ni mahojiano ya wanawake wanane hadi kumi ili kueleza hilo la imani. Yangependeza, ila saa moja ya sauti huchukua saa nne hadi sita kuiandika, na kibali chako cha utafiti huenda hakikutaja mahojiano. Kwa wiki sita, hapana. Ya nne ni kuomba muda. Iombe tu ikiwa usafi wa data umefichua jambo zito, na uombe kabla ya tarehe kupita.

Ratiba yenyewe: wiki ya kwanza data na vipimo, ya pili rigresheni na majedwali, ya tatu na ya nne sura ya nne na ya tano, ya tano urudi kusahihisha sura ya kwanza hadi ya tatu, ambazo bado zinasema "utafiti utafanyika" wakati umeshafanyika, ya sita lugha, marejeo, ukaguzi wa kunakili na uchapaji. Zotero, programu ya kupanga marejeo, ni bure na itakuokolea siku mbili za marejeo. Leseni ya programu ya takwimu ya SPSS ikikusumbua, jamovi na JASP nazo ni bure na zinafanya kila nilichotaja hapa. Mapendekezo ya sura ya tano yatoke kwenye matokeo yako pekee. Kama hukupima bei, usiwashauri wauzaji kuhusu bei.

Kuhusu msimamizi aliye kimya. Ujumbe wa "Shikamoo Dokta, naomba msaada wako" ni mzigo kwake, kwa sababu hajui aanzie wapi. Mwandikie barua pepe yenye ukurasa mmoja ulioambatishwa: jedwali la alfa kabla na baada, orodha ya hojaji zilizoondolewa na sababu, na maamuzi matatu anayoweza kuyajibu kwa ndiyo au hapana. Kwa mfano: niondoe kauli ya tano ya imani? nibaki na hojaji nilizonazo? niongeze uchambuzi wa maoni kupitia imani? Ongeza siku mbili ambazo unaweza kufika ofisini kwake. Zikipita siku kumi bila jibu, nenda kwa mratibu wa shahada za uzamili wa idara yako ukiwa na nakala ya barua hizo, kwa upole na bila lawama. Kumtafuta msimamizi ni wajibu wako, na maandishi ndiyo ushahidi kwamba uliutimiza.

Kuna mambo ambayo jibu la maandishi halitoshi. Ikiwa alfa ni hasi hata baada ya kugeuza alama, au imebaki chini ya 0.60 na hakuna kauli inayojitokeza kuwa mkosaji, mtafute mtaalamu wa takwimu wa chuo ukae naye kwenye kompyuta moja ukiwa na faili ghafi na karatasi chache za hojaji. Nusu saa ya namna hiyo itazidi barua pepe kumi. Ikiwa baadhi ya hizo 212 si za kweli, kwa sababu uliwalipa wasaidizi na una shaka nao, mwambie msimamizi ana kwa ana kabla hujaandika sentensi nyingine. Na ikiwa umefika mahali hulali, chakula hakipiti, ukifungua kompyuta mikono inatetemeka, nenda kitengo cha ushauri nasaha cha chuo wiki hii hii. Data itakusubiri.

Kesho asubuhi, kabla ya lolote, chukua hojaji tupu na kalamu nyekundu. Zungushia kila kauli yenye "si", "ha-" au "bila", na kila yenye "na" katikati. Kisha fungua data uone ni ngapi kati ya hizo hukuzigeuza.